Pipa Lisilotaka Kujazwa

Damu sijawahi kuipenda. Niseme mapema, msije mkanidhania mtu jasiri. Krismasi nguruwe akichinjwa uani kwetu nilikuwa najifungia chumbani na mto masikioni, na wanawake walionisikia nikitapika walicheka mpaka wakaacha visu. Leo ni mwanamke mzima, nafundisha Kigiriki cha kale shule ya mjini, na bado mtu akijikata kidole mbele yangu nageuza uso. Kwa hiyo asubuhi ile ya Agosti, baba aliposhika ukingo wa kisima na kutapika, sikumkimbilia. Nilisimama mlangoni na taulo mkononi nikaangalia kitu cheusi chenye punje punje kikimwagikia viatu vyake, kama mashapo yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa. Kilinuka chuma, na chini ya chuma kilinuka mzoga.

"Usinitazame hivyo," baba alisema akijifuta kwa mkono. "Kahawa tu."

"Hujanywa kahawa leo."

"Basi ya jana."

Akaanguka hapo hapo, juu ya kile alichokitapika. Nikamwinua. Kilinipaka mikono mpaka kwenye viwiko, na njia nzima ya kwenda mjini, nikiendesha gari huku baba kalala kiti cha nyuma, nilikuwa nakisikia kikikauka na kunivuta ngozi.

Kumbe alikuwa na kidonda tumboni. Dawa za goti alikuwa anazitafuna kama karanga tangu Pasaka, bila kumwambia mtu, maana baba yangu, Anestis wa shamba la juu, haugui, na kama anaugua ni kwa sababu ya wanawake kumsumbua. Hospitalini walimtia mpira kooni wakaziba palipokuwa panavuja. Wakamtundikia mfuko wa damu akiwa hajitambui, macho yamegeuka meupe.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Sevasti, koti lake lina doa la kahawa begani na jingine ambalo sikutaka kujua ni la nini. Alinivuta pembeni.

"Huu ndio wa mwisho wa kundi lake tulionao," alisema. "O hasi ni shida mwaka mzima, na Agosti watu wote wako ufukweni. Nimeagiza mingine hospitali jirani. Lakini na nyinyi wa nyumbani fanyeni yenu. Tafuteni watu waje kutoa. Kundi lolote."

Ndiyo desturi yetu huku Ugiriki. Mgonjwa akilala, nyumba nzima inashika simu kutafuta mikono ya kutobolewa. Damu ya waliokuja inaingia kwenye friji ya wote, na mgonjwa anapewa iliyomfaa, ya mtu mwingine kabisa. Kila mtu anaambiwa hivyo, na hakuna hata mmoja kijijini kwetu anayeamini. Kwao wao, ukienda kutoa kwa ajili ya Yorgo, tuseme, basi ni yako inayomwingia Yorgo, ya moto bado, na kuanzia siku hiyo akikutana nawe njiani lazima akununulie kinywaji.

Nikampigia padri. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, kanisa limejaa, na kipaza sauti cha kwetu kinasikika hadi mizabibuni. Ibada ilipokwisha padri akatangaza, kabla watu hawajatawanyika kwenda kula mbuzi.

Baba alizinduka kabla ya adhuhuri. Rangi ilikuwa imemrudia, na ubishi nao ukarudi. Aliutazama mfuko, damu imebaki kidogo chini, nyekundu nzito, ikiganda kwenye kuta za plastiki, nami nikatazama dirisha.

"Hii kazi wanaiitaje?" akauliza.

"Metangisi."

"Najua, nimesikia. Nakuuliza maana yake. Si nimekusomesha?"

Mnielewe: baba yangu hajawahi kuniuliza neno hata moja la kazi yangu. Kwake yeye nafundisha watoto lugha ya maiti. Basi nikavuta kiti, nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu ninaowapenda. Nikamwambia ndani ya neno hilo kuna angio, yaani chombo, mtungi au gudulia; na mbele yake kuna meta, ya kuhama kutoka huku kwenda kule. Wazee wa kale walilitumia kwa mvinyo na mafuta: unatoa kwenye mtungi huu, unatia kwenye ule. Damu haikuwamo kabisa. Madaktari walikuja kuliazima karne nyingi baadaye, walipoanza kumhamishia mtu damu ya mwenzake na wakawa hawana jina la kitendo chenyewe.

Baba akatabasamu. "Kumbe ni kazi yangu hiyo."

Ni kweli. Kila Januari mwezi unapopungua, upepo wa kaskazini ukivuma, baba huhamisha mvinyo wake kutoka pipa hadi pipa ili mashapo yabaki nyuma. Anafanya hivyo peke yake, kimya, na hataki mtu aliyekula vitunguu asogee.

"Na mashapo wanayaacha?"

"Nadhani wanayaacha."

"Na pipa ilikotoka hii, ni la nani?"

"Hakuna anayejua. La mtu."

"Mtu safi?"

"Wanapima, baba."

Akaridhika. Mzee Pandelis wa kitanda cha pili, aliyekuwa akifyonza pichi kwa sauti ya kuudhi huku maji yakimtiririka hadi kifuani, alisema naye angependa apewe ya kijana, ikiwezekana ya mwanariadha. Wakacheka wote wawili. Nami nilijiona mwalimu wa maana kweli.

Nikashuka chini kuwashukuru waliokuja. Chumba cha damu kiko ghorofa ya chini, karibu na jikoni, na siku hiyo harufu ya supu ya utumbo ilikuwa imechanganyika na dawa ya kusafishia vidonda mpaka ulimi unasisimka. Walikuwapo vijana wawili wa timu ya mpira, mke wa padri, na mwishoni mwa benchi, kavaa shati jeupe la mazishi, ami Thimios.

Ami Thimios ni mdogo wake baba, tumbo moja, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja hawasemeshani. Sababu ni pipa. Mnaofanya kazi hii mnajua kwamba pipa haliachwi na nafasi juu, mvinyo ukipungua unajaziwa, la sivyo hewa inauharibu. Baba alikuwa Athens kwa matibabu ya macho. Ami, ambaye ghala lake la mvinyo lilikuwa ukuta kwa ukuta na la baba, aliona pipa kubwa limepungua akamsaidia nduguye: akajazia kwa mvinyo wake mwenyewe. Wa kwake ulikuwa umeanza kuchacha, hakujua, pua yake haijawahi kuwa na akili. Baba aliporudi, pipa zima lilikuwa siki. Alilimwaga barabarani, likateremka hadi mlango wa kanisa, na kijiji kilinuka wiki nzima. Tangu siku hiyo, ami akiingia mkahawani baba anatoka, na akitoka anatema mate mlangoni. Nimeyaona mate hayo mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Ami aliitwa ndani. Hakukawia. Alitoka ameshika pamba kidoleni, na katika mkono mwingine ana boksi dogo la juisi ya machungwa, ile wanayopewa waliotoa. Aliponiona alisimama.

"Areti, binti yangu."

"Ami. Umekwisha mara hii?"

Alinivuta nyuma ya mashine ya kahawa. Mkono wake ulikuwa wa baridi na una jasho. "Wamenikataa," alisema. "Wamenitoboa kidole, wakaangalia kwenye kile kimashine chao, wakaitana. Wakanitoa nyingine ya kupima, kichupa kimoja. Wanasema ya kwangu mwenyewe hainitoshi. Nirudi Jumatatu."

"Una nini?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuja kutoa." Alitazama juisi. "Hii niliichukua tu mezani. Nitatokaje mikono mitupu, watu wananiona?"

Akaifyonza hapo hapo mbele yangu, mtu mzima, mashavu yameingia ndani, mpaka boksi likakunjana na mrija ukakoroma. Sikujua nimwonee huruma au nimwondokee. Nilichosikia kwanza, Mungu anisamehe, kilikuwa kinyaa.

"Usimwambie mtu," akasema. "Kaka yangu akikuuliza, sema... yaani baba yako. Na kijijini. Waache wadhani nimetoa. Niahidi."

Nikamwahidi, ili aache kunishika.

Niliwashukuru wengine, na niliporudi juu nilimkuta Garifalia, jirani yetu, amefika na mfuko wa tini. Garifalia ana mdomo wenye maji. Akikubusu shavu linabaki limelowa, na habari zake nazo ziko vivyo hivyo. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha baba kana kwamba ni kochi la kwake, na muuguzi alikuwa anaingia na mfuko mpya wa damu, wa pili, uliotoka hospitali jirani.

"Damu nzito kuliko maji!" Garifalia alikuwa akisema. "Nani angedhani? Nimemkuta pale chini, kashika pamba, na juisi yao mkononi. Thimios! Kakutilia damu yake, Anestis, baada ya mambo yote yale. Mimi nimelia."

Baba aliangalia mfuko mikononi mwa muuguzi. Kisha akafunika sindano ya mkononi mwake kwa kiganja cha pili.

"Urudishe," akasema.

"Mzee, ni zamu ya—"

"Urudishe nimesema. Huo ni wa Thimios."

Muuguzi alicheka, akidhani ni utani. Akaitwa daktari Sevasti. Akaeleza kwa upole, halafu kwa sauti: damu iliyotolewa leo haitumiki leo, inapelekwa kupimwa kwanza, mfuko huu umekuja na gari kutoka mji mwingine, aliyeutoa hajulikani na hatajulikana.

"Daktari," baba alisema, "mimi pia nikiuza mvinyo wa mwaka huu nasema ni wa mwaka juzi."

"Mzee Anestis, utakufa."

"Kila mtu. Muulize binti yangu, yeye ndiye mwalimu. Ameniambia mwenyewe, kutoka chombo hadi chombo. Basi chombo kile nakijua mimi. Kilishaniharibia pipa moja, hili la pili hakilijazi."

Wote wakanigeukia. Garifalia alikuwa ameacha kutafuna tini, mbegu zimembana kwenye meno. Nilitamani kumpiga baba kofi. Nilimwambia ni upuuzi, nikamwambia neno ni neno tu, watu wa kale wangemcheka. Akanijibu kwamba watu wa kale wamekwisha kufa na hawakufa kwa damu ya Thimios. Mzee Pandelis akasema ana hoja.

Hapo nikakumbuka msemo wa bibi yangu, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Bibi alikuwa anatuasa tusiingilie. Lakini bibi hakuwahi kushika beseni, na mimi nililishika, kwa sababu kabla mjadala haujaisha baba alijikunja na vile vitu vikatoka tena. Safari hii havikuwa vyeusi. Vilikuwa vyekundu, vyenye mabonge yanayotikisika kama maini mabichi, vingine vikanirukia mkononi vikabaki hapo, vya moto. Sikugeuza uso. Nilikaza meno, mate ya kichefuchefu yamejaa mdomoni, nikahesabu vigae vya ukutani mpaka alipomaliza.

Daktari akaniambia mbele yake, bila kuficha. Kidonda kimefunguka, lazima apasuliwe sasa hivi, na hawezi kumpeleka mezani bila damu kwa sababu atamfia mkononi. "Ana akili zake timamu. Siwezi kumfunga kamba. Nisaidie."

Baba alikuwa na rangi ya majivu. Midomo ilikuwa na utando wa damu unaokauka. Alinitazama kwa jicho moja.

"Nife na pipa langu safi," akasema.

Na alikuwa anajivunia! Hilo ndilo lililonichefua kuliko beseni. Mtu anakufa, binti yake kashika matumbo yake kwenye bakuli, naye anaona amemshinda mdogo wake. Niliwaza nitakavyowazika yeye na ami, watu wawili wajinga, katika kijiji kinachonuka siki, nami nikipikia wageni maharage ya msiba.

"Haikuwa yake," nikasema.

"Daktari ameshasema hivyo."

"Hakutoa, baba. Thimios hakutoa hata tone. Wamemkataa. Wamempima kidole wakamwambia damu yake haifai hata kwake mwenyewe. Ile juisi aliiba."

Garifalia alifanya ishara ya msalaba, na niliona wazi jinsi habari inavyomshuka kooni, tamu.

Baba akaanza kucheka. Ni kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Kilitoka na mapovu mekundu pembeni mwa mdomo, na meno yake yalikuwa yamepakwa mpaka kwenye fizi.

"Wamemkataa," alisema. "Hata hospitali imemtema. Siki yake haipokewi hata na wanaokufa." Akanyoosha mkono wenye sindano. "Tundika, mwanangu. Tundika hiyo ya watu."

Muuguzi akatundika. Wengine wakakimbilia kuandaa chumba cha upasuaji. Nilitakiwa kumshukuru Mungu. Nilikuwa najifuta mikono kwa karatasi ambayo ilikuwa inachanika na kunigandia vidoleni, na nilichotaka ni maji ya moto na sabuni na kutomwona mtu yeyote wa ukoo wangu.

"Nipe simu," baba akasema.

"Kwa nini?"

"Nipe. Nipigie Thimios."

"Baba, acha. Wanakuja kukuchukua."

"Ndiyo maana. Nikifa humo sitapata nafasi."

Garifalia ndiye aliyempigia, kwa simu yangu mwenyewe, aliyoichukua kitandani kabla sijaifikia, maana namba ya kila mtu anaijua kwa moyo. Akaiweka sauti ya juu, eti masikio ya baba ni mazito, lakini kweli ni kwa ajili ya wodi nzima. Ami alikuwa amesharudi kijijini: ilisikika kelele ya mkahawani kwetu, glasi, watu wakicheka, klarineti ya sikukuu kwa mbali.

"Nani?" ikasema sauti ya ami.

"Anestis."

Kelele za upande ule zikaanza kupungua, meza moja baada ya nyingine. Jina lilikuwa limesikika.

"Nimesikia ulikwenda kunipa damu," baba akasema. Alikuwa akihema kati ya maneno. "Nimesikia na walivyokwambia. Wamekutoboa kidole tu, wakaziba pua. Waambie na hao waliokuzunguka, waliomnunulia shujaa kinywaji. Waambie. Hujatoa hata tone."

Klarineti ilikuwa imekoma, au mtu alifunga mlango. Nilimwona ami akilini, shati jeupe, glasi ya watu mkononi, na macho yote ya wanaume wale juu yake. Garifalia alikuwa ameinamia simu huku mdomo uko wazi. Niliona mate yake.

"Anestis," ami akasema hatimaye. "Inaingia?"

"Nini?"

"Damu. Ya hao wengine. Imeanza kuingia?"

Baba akainua macho. Mfuko ulikuwa unadondosha, tone, tone, na mrija ulikuwa umeshakuwa mwekundu mpaka kwenye ngozi yake.

"Inaingia," akasema.

"Haya."

Nilidhani atakata. Hakukata. Tulimsikia akipumua, na baba naye akipumua, na wote wawili wanapumua vibaya.

"Wamekwambia una nini?" baba akauliza. Sauti haikuwa ile.

"Hawajasema. Wanataka nirudi Jumatatu. Nije na mtu."

"Na mtu nani?"

"Mtu yeyote wa kwangu, walisema. Mtu wa kukaa naye wakati wananiambia."

"Unaye?"

"Sina," ami akasema, na mkahawa mzima ukamsikia, na wodi nzima ikamsikia.

Wauguzi waliingia na kitanda cha magurudumu. Walimwinua baba na mfuko wake, mmoja kaushika juu. Baba alikuwa bado ameng'ang'ania simu. Akageuzia uso ukutani, akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Mwambie utampitia saa ngapi," alisema.

Simu ilikuwa imelowa jasho, mate na damu. Nikaifuta kwa sketi, ikabaki inanata. Nikaiweka sikioni hivyo hivyo.

"Ami," nikasema. "Jumatatu nitakupitia saa moja asubuhi. Usile kitu kabla."